Tumbo Langu la Zamani Huja Mchana

Jumatatu, 3 Machi
Nina miaka sabini na mbili. Nimewazika madaktari wawili walionipa miezi sita. Kuta nilizojenga, hakuna iliyopinda. Miaka kumi iliyopita walinikata tumbo, likabaki jembamba kama ndizi. Sukari ikashuka! Nikatupa sindano za insulini pipani mbele ya ukoo mzima, nikaapa hazirudi. Alhamisi tunapimwa tena, mimi na shemeji yangu, fundi cherehani. Naye alikatwa tumbo wiki ileile. Ataaibika.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: siku mbili bila asali. Kwa kawaida nalamba kijiko kimoja tu. Mara kumi na nne kwa siku. Kijiko si chakula!
Mchana nikasinzia kitini. Likaja lile tumbo walilolikata, limenenepa, limevaa kofia. Likaketi kando yangu, likauliza kopo la asali liko wapi. Nikaelea juu ya paa, mwepesi kama jivu.
Kuamka, mke wangu kashika kandambili yangu. Kaiokota getini. Kumbe nimetembea mguu mtupu tangu asubuhi, sikuhisi. Akaanza: mficha maradhi... Nikajitia uziwi.

Jumatano, 5 Machi
Maji matupu. Nimezunguka nyumba mara arobaini. Shemeji akapita, akauliza kama natafuta mlango. Anameza vidonge vyake hadharani. Hana haya!

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki. Damu ya kidole: safi! Nikamkonyeza shemeji. Kisha nesi akavuta nyingine mkononi. Eti, babu, hii inakumbuka sukari ya miezi mitatu. Damu yangu mwenyewe, mbea!
Shemeji kapongezwa. Mimi nimerudishiwa sindano. Na mguu niukague kila siku, nikizembea watakuja kuukata. Shemeji hakucheka. Alinibebea kikasha cha sindano mpaka nyumbani, akisema pole, shemeji. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewapata! Damu inakumbuka miezi mitatu? Basi nitaidanganya miezi mitatu mizima. Sindano kila siku, mboga, matembezi, asali sigusi hata tone. Mguu nitaukagua asubuhi na jioni, ili wadhani najali. Hawatajua kitu! Mke wangu kasema mpango mzuri, baba, uanze leo.
Naanza kesho. Leo namalizia kopo, lisije likaharibika.
Asiyeamini haya asimuulize mke wangu wala shemeji. Aliulize lile tumbo lenye kofia. Limekuja tena mchana huu, na tumegawana kijiko.