Kiti Kimoja kwa Subaru ya Mwas

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeosha gari la mtu nisiyemjua. Sikuajiriwa. Nilienda Ruiru, kwa ile car wash ya kando ya bypass, kula mutura, yale matumbo yaliyojazwa nyama. Kula tu! Lakini ili ukatiwe mutura lazima useme. Wanaume wameuzunguka ubao, kila mmoja anapaza sauti, na mimi nikifungua mdomo hutoka hewa. Nilisimama dakika arobaini. Mwenye Probox akaniona nimesimama bila kazi, akanipa kitambaa, akasema nianze na magurudumu ya nyuma. Nilishindwa kukataa. Nikaanza na magurudumu ya nyuma.

Alipoondoka alilalamika nimeacha tope. Mutura sikula.

Lakini nilisikia kitu. Vijana wa Subaru hukutana pale pale. Jumapili wanaenda Gatuanyaga kwa msafara, magari tisa, kutimua vumbi na kupigwa picha. Mpiga picha ni Ciku. Tulisoma naye darasa moja miaka minne na nilimwambia neno moja tu, "sorry", siku ambayo ni yeye aliyenikanyaga.

Ciku atakaa mbele, kwa Subaru ya buluu ya kakake, Mwas. Nyuma kuna nafasi ya mtu mmoja, kwa sababu upande wa pili umekaliwa na spika. Mwas ametangaza: kiti ni cha yule atakayeleta kitu ambacho kikundi hakijawahi kula wala kunywa. Mutura wamechoka nayo, alisema, mdomo umejaa mutura.

Kimanzi aliinua mkono hapo hapo. Kimanzi anauza soseji za smokie na mayai kwa mkokoteni wake. Ana miaka kumi na tisa, ana leseni ya kuendesha na hana gari, na mdomo wake ni redio ya kinyozi: hauzimwi hata kama hakuna mteja.

Nakitaka kile kiti. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi Ruiru kupeleleza. Nilijificha nyuma ya tangi la maji. Kuna mtu anaitwa Nzioki, ana ndevu ndefu na mashati ya maua, yeye ndiye huwaletea vijana bia ya craft. Alikuwa anawafundisha. Bia ya kweli, alisema, haitoki kwa mashine kubwa. Inatengenezwa kwa mkono, kidogo kidogo. Ni chachu. Ina machicha chini. Mara ya kwanza huielewi, lakini ukisema ni mbaya unaonekana mshamba.

Nilisimama wima nikagonga kichwa kwa bomba. Hiyo kitu naijua! Iko nyumbani Kamenu, kwa ndoo, chini ya meza. Ni uji wa mama.

Mama anauza uji wa wimbi kwa geti la kiwanda hapa Thika. Unga anauchachusha siku tatu, kisha anaupika. Wa mkono. Mchachu. Machicha yapo.

Nimeangalia na upande wa sheria. Nina miaka kumi na saba, siruhusiwi kuuza pombe. Lakini hakuna sheria inayomkataza mtoto kugawa uji. Nimefikiria kila kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Majaribio. Uji wa moto haufanani na bia. Uji baridi unafanana na gundi. Nimeuongezea maji, nikauchuja kwa kitambaa cha kuchujia chai. Rangi safi kabisa! Povu hakuna.

Nikatia kijiko cha baking soda.

Sasa povu lipo. Liko kwa jiko, kwa ukuta, kwa kalenda ya kanisa na ndani ya viatu vya baba. Mama alirudi akasimama mlangoni. Mayoo! alimaka, akauliza kama nimeugua. Nilisema ni sayansi. Akasema sayansi ina mopu pale kona, na nisisahau kalenda.

Nimechoka mgongo. Lakini sasa najua: nusu kijiko.

Jumamosi, 8 Machi

Mtungi wa mama una koki chini, kama ile ya bia kwa hoteli. Tatizo ni maandishi ubavuni: UJI SAFI WA MAMA MARVIN, na nambari ya simu. Nimebandika stika ya vijana wa Subaru juu yake. Inatosha kamili.

Nimekutana na Kimanzi stendi. Ameshaanza kushangilia. Atapeleka smokie iliyojazwa mutura ndani. Aliniuliza "wewe Marvin wa kimya" nitapeleka nini, au nitapeleka hiyo kimya. Akanusa hewa, akainama, akanusa mkono wangu. Akasema nanuka kama asubuhi.

Sijui alimaanisha nini. Nimenawa mara tatu.

Jumapili, 9 Machi

Mama alienda kanisani saa tatu. Saa tatu na dakika tano nilikuwa napika ule unga wote aliouchachusha wa Jumatatu. Kidogo ukaungua. Hakuna muda wa kupika mwingine.

Nilifika Ruiru mtungi ukinipasua bega. Kwa kuwa siwezi kuongea, nilikuwa nimeandika kadi: KAMENU NYEKUNDU. Bia ya wimbi. Usiulize maswali.

Nzioki alionja wa kwanza. Akafumba macho. Mimi nikapima umbali hadi kwa geti. Kisha akasema anapata kahawa, ngozi, moshi, na huzuni kidogo. Moshi ni kweli, uliungua. Huzuni pengine ni yangu.

Baada ya hapo walipiga foleni! Mwas alikunywa glasi nne. Smokie za Kimanzi zilikaa zikapoa. Na nusu saa baadaye likatokea jambo ambalo sikulipanga: walianza kulewa. Kwa uji! Mmoja alilia akikumbuka gari aliloliuza. Mwingine aliiomba msamaha Probox iliyoegeshwa. Mwas alinikumbatia, akaniita "kijana ya mapovu", akatangaza mbele ya watu wote kwamba kiti ni changu. Ciku alinipiga picha nimesimama kando ya mtungi. Nilitabasamu, nadhani. Uso ulisogea.

Kimanzi alionja mara moja tu. Akaangalia glasi. Akaniangalia mimi. Akatabasamu, akaiweka chini pole pole. Akasema yeye leo hagusi pombe.

Saa ya kuondoka ikafika. Mwas akatoa funguo, akasimama ghafla. Ngai, alisema, amekunywa! Na alimwapia mama yake hatawahi kushika usukani akiwa amekunywa. Mtu mwenye maadili! Nani angejua? Akauliza nani hajalewa na ana leseni.

Leseni ya Kimanzi ilikuwa tayari mkononi.

Kwa hivyo: Kimanzi kwa usukani. Ciku kando yake. Na Mwas, mwenye gari, mlevi wa uji, kwa kile kiti cha nyuma. Kiti changu! Alifunga mkanda akaikumbatia spika.

Ningesema neno moja tu. Uji. Lakini nikilisema nimeumbuka na kiti kimeenda. Nisiposema, kiti ndicho hicho kinaenda. Nilifungua mdomo. Hewa.

Kimanzi aliniaga kwa taa za hazard.

Nilibaki na mtungi mtupu, na Nzioki amelala kwa kiti cha plastiki, amelemewa.

Jumatatu, 10 Machi

Mama alifunua ndoo alfajiri akakuta hakuna unga. Nilisema ni panya. Akauliza panya gani anafungua kifuniko na kukirudisha.

Alienda kwa geti hivyo hivyo, akawaeleze wafanyakazi mwenyewe. Miaka sita hajawahi kukosa hata siku moja. Alirudi mapema na vikombe vikiwa safi, akaketi, akavua viatu. Afadhali angenigombeza.

Jioni nikapata ujumbe. Kutoka kwa Ciku! Niliusoma mara tisa kabla ya kuelewa unasema nini. Jana wakirudi walisimamishwa na polisi wenye alcoblow, kile kifaa cha kupima pombe kwa pumzi. Kimanzi alipuliza, sifuri. Mwas akajitokeza nyuma akiimba, akaungama mwenyewe kwamba amelewa, akaomba apulize ili sheria ifuatwe. Sifuri. Akadai kifaa kimeharibika, apulize tena. Sifuri.

Sasa anatangazia Ruiru nzima kwamba kuna bia ya wimbi ambayo alcoblow haiioni. Anataka lita arobaini Jumamosi. Hatahitaji dereva tena maishani, atakunywa na ataendesha mwenyewe. Na kile kiti ni changu, kila Jumapili, mpaka gari life.

Nimeshinda!

Jumanne, 11 Machi

Sijala vizuri. Nimekuwa nikifikiria kile kiti, na kila nikikifikiria namwona Mwas mbele amekunywa chupa tatu za Nzioki, zile za kweli, akiamini kwamba akishushia ya wimbi hazionekani. Ciku kando yake. Mimi nyuma na spika. Spika ikiniangukia.

Ni lazima nimwambie. Kwa mdomo haiwezekani, kwa hivyo ni barua. Nilianza kwa Kiingereza, kwa sababu Kiingereza si changu na aibu yake ni ya mbali. "I wish to bring to your attention." Ikawa kama ile barua ya kumfukuza mtu shule. Nikajaribu Kiswahili cha mwalimu wetu. Natumai u mzima wa afya, nami huku ni mzima kama chuma cha pua. Mistari sita ya afya na bado sijafika kwa uji. Nimepasua zote mbili.

Barua ya mwisho ina maneno matatu: Ile ilikuwa uji.

Alhamisi, 13 Machi

Nilimpa Mwas barua mkononi nikageuka nikimbie. Alikuwa anapaka gari nta, mikono imejaa mafuta. Akampa Kimanzi aisome. Kimanzi! Alisoma kwa sauti ya taarifa ya habari. Kisha akarudia kwa wale wa upande wa mutura ambao hawakuwa wamesikia.

Maji ya mpira peke yake ndiyo yaliendelea.

Nzioki alikataa kabisa. Amekunywa bia tangu kabla nizaliwe, hawezi kufundishwa na mtoto, na kama huo ni uji basi ndio uji wenye kilevi zaidi Kenya hii. Aliuliza kama kuna mwingine.

Mwas aliuliza pole pole kama ni kweli yeye, baba ya watoto wawili, alikaa nyuma ya gari lake mwenyewe akaimba hadi Gatuanyaga na kurudi, mbele ya polisi, kwa sababu ya breakfast. Kimanzi akasema alijua kutoka kwa harufu. Akaulizwa mbona hakusema. Akasema hakuulizwa, na hata hivyo usukani ulikuwa mtamu.

Ndipo Ciku akacheka. Alitoa simu akatuonyesha picha ya Jumapili: mimi na mtungi. Povu lilikuwa limelowesha stika ikateremka. Juu yake unasoma wazi kabisa, UJI SAFI WA MAMA MARVIN, na nambari. Amejua tangu Jumapili jioni. Funguo za Subaru ameficha tangu siku hiyo, gari likabaki hapo hapo car wash, ili Mwas asiende popote na ujinga wake. Na hakunisema, kwa sababu alitaka kuona nitachukua siku ngapi. Nne. Yeye alikuwa amekisia nane.

Ciku akamrudishia Mwas funguo, naye akafungua mlango wa nyuma akaniamuru niingie.

Nimekaa kwa kile kiti! Kutoka Ruiru hadi Kamenu, magoti kidevuni, spika ubavuni, nikipelekwa kwa mama yangu kama kuku wa sikukuu.

Mama alisikiliza yote amesimama. Hakushangaa ipasavyo. Alisema panya ameletwa na Subaru, makubwa. Akampa Mwas kikombe cha uji wa moto aonje tofauti. Mwas alikunywa vitatu, kisha akauliza kwa heshima kama Jumapili anaweza kuagiza wa magari tisa.

Mama alikubali. Lakini mbebaji ni mimi. Na kuanzia Jumatatu nitasimama naye getini, na kazi yangu ni moja: kuita wateja. Kwa sauti. Wafanyakazi wale niliowanyima uji wanisikie mimi mwenyewe nikisema "uji tayari".

Jumapili, 16 Machi

Nimepeleka uji Ruiru. Wote waliunywa ukiwa uji, na hakuna aliyelewa isipokuwa Nzioki. Ciku anasema kesho atapita Thika kunipiga picha nikiita wateja. Anataka kusikia sauti yangu, kwa sababu hana hakika ipo.

Nimefanya mazoezi chooni. Hewa.

Lakini nimekaa nikatafakari, na nimeona kwamba mtu hahitaji kuita akiwa na bango. Malori ya mizigo yanapita kwa lile geti mchana kutwa, na madereva wote wanaogopa kitu kimoja. Nimepata boksi kubwa na kalamu nyekundu. Nimeandika: KINYWAJI CHA WIMBI AMBACHO ALCOBLOW HAIWEZI KUKIONA. Hakuna hata neno moja la uongo hapo.

Nimelificha chini ya kitanda mama asilione. Nimefikiria kila kitu.