Uzinduzi wa Nyumba ya Mama Yenye Taa ya Kuzimwa Kitandani

Mheshimiwa Mama, Mgeni Rasmi na mwenye nyumba mtarajiwa. Mheshimiwa Dada, Katibu wa Kamati na mwenye pasi. Mheshimiwa Shemeji, mjumbe asiye na kazi maalumu. Mhandisi Fundi Mwashi pamoja na koleo lako. Jirani uliyetuazima kamba. Mabibi na mabwana, na wewe kuku uliyeketi juu ya rundo la mchanga, itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Kuku anaondoka.)

Mimi, mtoto wa kwanza wa familia hii, Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi na Mkurugenzi Mtendaji wa Idara ya Bodi za Sakiti, ambayo makao yake makuu ni meza ya jikoni, nina furaha isiyo kifani kusimama katika kiwanja hiki ili kuwasilisha mafanikio ya awamu ya kwanza ya mradi wetu wa kimkakati, shirikishi na endelevu.

(Dada: "Fupisha, Kaka, jua kali!")

Nafupisha kwa urefu unaostahili. Ndugu wajumbe, mradi huu ulitokana na upembuzi yakinifu. Takwimu zinaonyesha kwamba kwa miaka thelathini na minane zoezi la uzimaji taa katika chumba cha wazazi wetu lilitekelezwa na marehemu Baba kwa asilimia mia moja, kwa kuwa swichi iko mlangoni na kitanda kiko dirishani. Baba aliinuka, akavaa ndala moja tu, ya kushoto...

(Mama: "Ya kulia.")

Marekebisho yamepokelewa. Ya kulia. Akazima, akarudi gizani, akagonga kidole kwenye mguu wa kitanda, akaugombeza mguu wa kitanda. Tangu atutoke, mwaka wa pili huu, Mama analala taa ikiwaka. Akiulizwa anasema ni uvivu.

(Jirani anakohoa.)

Ndipo Kamati, yaani mimi, ikaazimia kumjengea Mama nyumba mpya, ya vipimo vyake mwenyewe, ambamo atagusa ubao wa kitanda tu na taa itazimika yenyewe, kwa kutumia bodi ya sakiti iliyobuniwa, ikachorwa na kutengenezwa na familia hii hii, maana ya dukani haina mapenzi. Kwa wasio wataalamu: unachora njia za umeme, unaziprinti, unazibandika kwa pasi ya moto kwenye kibao chenye shaba, halafu unakitumbukiza katika dawa inayokula shaba yote isipokuwa ile iliyofunikwa na wino.

(Dada: "Na beseni langu la vyombo ilikula!")

Beseni lilijitolea. Blauzi yako iliyopigwa pasi ile ile pia ilijitolea, ikatoka na michoro ya wino, na nimeambiwa kazini kwako waliipenda. Tuendelee. Katika kuimarisha uratibu, niliweka ramani ya nyumba na mchoro wa sakiti katika bahasha moja, nikaiandika MUHIMU, kisha nikatoa karatasi moja nikampa Fundi, na nyingine nikaenda nayo jikoni. Hapa ndipo pana changamoto ndogo ya kiutendaji, ambayo wapinzani wa maendeleo wameikuza.

(Fundi Mwashi: "Mwenyekiti, nilikuuliza! Nikakwambia huu msingi una kona hamsini na moja na hakuna hata chumba kimoja. Ukaniambia nifuate mchoro, kufikiri ni kazi ya ofisi!")

Nakushukuru kwa utiifu wako. Waheshimiwa, mitaro mnayoiona hapa, inayopinda, isiyokutana, na kuishia kwenye mashimo ya duara, ni sakiti ya taa ya Mama, kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona. Kwa upande mwingine, Idara yangu ilifanikiwa kupiga pasi, kuchovya na kusugua kibao hiki ninachokinyanyua, ambacho hakipitishi umeme wa maana, lakini kina vyumba vitatu, sebule na choo, vyote vya shaba tupu.

(Kicheko kirefu. Shemeji anaanguka kwenye mtaro, anatolewa.)

(Mama: "Hebu nikione, mwanangu. Chumba changu kipi?")

Hicho cha pembeni, Mama. Dirisha linatazama asubuhi. Kitanda kingekaa hapo.

(Mama anapitisha kidole juu ya shaba. "Basi baba yenu angegonga kidole hapa hapa.")

Naomba... naomba Katibu asiandike sehemu hii.

Kwa kumalizia, ninalazimika kwa moyo mzito kumpongeza Shemeji, ambaye jana mchana, wakati mimi nafanya mazoezi ya hotuba hii mbele ya kioo, aliingia chumbani kwa Mama na waya wa mita nne, akaning'iniza swichi ya kawaida kitandani ndani ya nusu saa, bila kamati, bila mchoro, bila hata kikao.

(Shemeji: "Dakika ishirini.")

Mama, taarifa rasmi ya matumizi?

(Mama: "Niliizima mwenyewe. Halafu nikakaa kimya, nasubiri nimsikie akigonga kidole. Kisha nikalala.")

Basi semeni nami. Taa ya Mama!

(Wote: "Imezimika!")

Nyumba ya Mama!

(Mama peke yake, akinyanyua kibao: "Ninayo!")

Asanteni sana kwa kuhudhuria uzinduzi huu mkubwa. Fundi, fukia taratibu. Na tafadhali, kila mmoja aondoke na kiti alichokuja nacho, kwa sababu nyumba ya kuviweka haipo.