Meya wa Strömvalla na Basi Namba Nne

Jumatatu, 3 Novemba

Strömvalla ina siku tatu tangu ifunguliwe. Mji mzima, nimeujenga mwenyewe kwenye kompyuta kwa miaka miwili, kila siku nikitoka kazini, hapa hapa katika mji halisi wa Härnösand. Una bandari, mahakama, hospitali na benki ya kuibiwa. Watu wanaingia kwa mtandao, kila mmoja anachagua atakuwa nani humo: polisi, daktari, mwizi, muuza soseji. Hakuna kushinda wala kushindwa. Ni kuishi tu. Mimi ni meya. Uchaguzi haukufanyika, maana wakati huo nilikuwa peke yangu mjini.

Wachezaji arobaini na mmoja. Leo saa kumi na moja na nusu nimefungua Sanduku la Maoni. Jörgen, ninayefunga naye matairi gerejini, alinishauri nisubiri mji utulie kwanza. Nikamwambia kiongozi anayejiamini haogopi wananchi wake. Jörgen ndiye mkuu wa polisi wa Strömvalla. Nilimpa cheo hicho kwa sababu hana makuu.

Maoni ya kwanza: mlango wa hospitali unafungukia baharini. Ya pili: hotuba ya meya ya kukaribisha wageni ina dakika kumi na moja na hairukiki. Ya tatu: basi namba 4 ni zuri sana.

Nimeyapokea yote kwa moyo mweupe. Aliyelalamikia hotuba nimeandika jina lake pembeni.

Jumanne, 4 Novemba

Maoni ishirini na matatu. Tisa yanalaumu hotuba. Mawili, hospitali. Kumi na mawili yanasifu basi namba 4. Kwamba linafika kwa wakati. Kwamba dereva anasema habari za asubuhi. Mwizi mmoja wa benki ameandika kwamba amekuwa akizunguka ndani ya basi hilo tangu Jumamosi na hajapata nafasi ya kuiba.

Sikumbuki kuweka umuhimu wowote kwenye mabasi. Niliyatengeneza siku moja nikiwa na mafua.

Nikachunguza. Dereva anaitwa Ingegerd. Ana miaka sitini na tisa. Kabla ya kustaafu aliendesha mabasi kwa miaka thelathini na minne. Ameingia kwenye mji ambamo angeweza kuwa jambazi, jaji au mwimbaji wa opera, akachagua kuwa dereva wa basi aitwaye Ingegerd.

Nikamwandikia kwa upole. Nikamweleza kwamba katika michezo ya kuigiza mtu hujifanya kitu ambacho si yeye. Akajibu kwamba anajifanya goti lake ni zima.

Chini ya jibu aliambatanisha maoni yake. Hoja kumi na tisa, zenye namba. Hoja ya kwanza: kituo cha Mtaa wa Mfereji kiko karibu mno na kivuko cha watembea kwa miguu. Hoja ya kumi na tisa: meya aliegesha gari lake kituoni Jumapili.

Ni kweli niliegesha. Nilikuwa na haraka ya kwenda kujizindulia sanamu.

Jumatano, 5 Novemba

Siku ya hatua. Mji unaokosa sifa za meya wake ni mji ambao haujaelekezwa. Wakati wa mapumziko ya kahawa nikafungua akaunti tatu mpya: daktari mmoja, mjane mmoja, na mvuvi mmoja mzee wa maneno machache. Wote watatu wakaandika maoni wakisifu hotuba. Daktari aliiona inatibu. Mjane alilia. Mvuvi alisema tu kwamba ni hotuba ya kusisima.

Saa nane Jörgen, akiwa amechuchumaa kwenye gurudumu, akasema kama mtu anayejisemea mwenyewe kwamba neno ni “kusisimua”. Nikamuuliza anazungumzia nini. Akasema daktari, mjane na mvuvi wote wamekosea neno hilohilo, na kwamba tangazo nililobandika ukutani hapa gerejini nalo linasema “bei za kusisima”.

Nikamwambia huenda watatu hao walisoma shule moja.

Jioni sandukuni palikuwa na maoni mapya thelathini na moja. Yote yanasema “basi la kusisima”.

Alhamisi, 6 Novemba

Mchana supu ya njegere na chapati za maji, kama Alhamisi zote. Nikiwa katikati ya chapati ya tatu nikagundua kosa langu. Sikupaswa kushindana na basi kwa maneno. Nilipaswa kushindana nalo kwa basi.

Saa kumi na mbili jioni nikazindua njia namba 1. Basi la rangi ya dhahabu. Kahawa ya bure. Hotuba yangu kwenye vipaza sauti, kutoka mwanzo. Dereva: Mheshimiwa Meya.

Walipanda watu sita. Ninaamini watano walikosea basi. Tulipofika bandarini nilitaka kuwaonyesha jinsi nilivyochora mawimbi, nikageuza kichwa. Basi likaenda baharini pamoja na sisi wote, hotuba ikiwa dakika ya nne.

Hapa lazima niandike jambo kwa haki. Mkondo wa maji ulitubeba moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa hospitali. Tukaingia tukielea. Daktari wa zamu, mchezaji kutoka Umeå ambaye tangu Ijumaa hakuwahi kuona mgonjwa hata mmoja, alitupokea kwa machozi.

Maoni ya jioni: mlango wa hospitali usiguswe, uko mahali pake. Mengine: hotuba inasikika vizuri zaidi chini ya maji.

Ingegerd naye aliandika. Anasema kona ya bandari huchukuliwa kwa gia ya pili, na kwamba mtu akigeukia abiria awe amesimamisha gari kwanza. Hakuna kejeli ndani yake. Hilo ndilo lililoniudhi.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimetumia mamlaka yangu. Saa kumi na moja jioni nikafuta vituo vyote vya njia namba 4. Nguzo, vibanda, ratiba, vyote. Basi lisilo na kituo halina mahali pa kusimama, na lisilosimama halina abiria. Nilijipongeza kwa andazi la mdalasini.

Saa kumi na moja na dakika kumi watu walikuwa wamejipanga pale pale vilipokuwa vituo. Walikuwa wanavikumbuka. Ingegerd akamsimamishia basi kila mmoja, kwa wakati.

Nikamwamuru mkuu wa polisi akamkamate. Nikaangalia kwenye ramani gari la Jörgen likilifuata basi, taa zinawaka. Basi likasimama. Jörgen akaingia. Basi likaondoka. Jörgen hakutoka.

Nikampigia simu. Simu halisi.

“Umemkamata?”

“Bado, Torkel. Anasema abiria wamelipa nauli, kwa hiyo nisubiri mpaka mwisho wa njia.”

“Wewe ni polisi.”

“Nimemwambia. Akaniuliza kama nina tiketi.”

“Ukamjibu nini?”

“Nimekata ya kwenda na kurudi,” akasema.

Jörgen anadai kwamba kufikia kituo cha tisa alikuwa amesahau alichopandia. Alikaa karibu na yule mwizi wa benki. Wamezungumza kuhusu mbwa.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua tangu asubuhi, nje na Strömvalla. Saa nne nilimfungia Ingegerd asiingie tena mjini. Amri moja, kitufe kimoja. Sababu niliyoiandika rasmi: kushindwa kuigiza.

Sikufurahia. Lakini mji hauwezi kuwa na watu wawili wanaopendwa, hasa kama mmoja wao si mimi.

Saa tano wananchi wakaanza kujipanga kwenye kituo cha Mtaa wa Mfereji. Saa sita walikuwa arobaini. Hawakuandamana. Hawakupiga kelele. Walisimama tu kwenye foleni, kwenye mvua, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya hatua mbili kama watu waliolelewa vizuri. Daktari alikuwepo. Jaji alikuwepo. Mwizi wa benki alikuwepo na mfuko wake mtupu.

Nilikwenda kuwahutubia. Hawakugeuka. Mwanamke mmoja aliniambia kwa adabu kwamba mwisho wa foleni uko kule.

Nikaandika kwenye daftari kwamba hii ni idadi kubwa kuliko zote ya watu waliowahi kukusanyika mahali pamoja Strömvalla. Nilikuwa bado naandika walipoanza kutoweka. Wawili. Watano. Kumi. Nikakumbuka kanuni niliyoiweka mwenyewe: mchezaji asiyesogea kwa dakika sitini, seva inamtoa.

Kufikia saa saba nilikuwa na mji mzima, bandari, mahakama, na mwananchi mmoja. Alikuwa Jörgen. Akaniandikia kwamba samahani, alikuwa anachemsha kahawa, ndiyo maana amechelewa foleni.

Jumapili, 9 Novemba

Hakuna aliyeingia. Nimetembea mjini. Nimejihukumu mahakamani kwa kuegesha vibaya, nikajiachia huru kwa kukosa ushahidi. Nimeketi kituoni kama nusu saa. Hakuna kinachopita.

Sandukuni hakuna maoni. Sikujua sanduku tupu linaweza kusomeka kwa muda mrefu hivyo.

Jumatatu, 10 Novemba

Gerejini msongamano. Mji mzima umekumbuka kwa pamoja kwamba theluji inakuja na wanataka matairi ya msimu. Saa tatu na nusu akaingia mama mmoja mrefu mwenye fimbo, na gari kuukuu safi kuliko la hospitali. Jörgen akamuuliza jina ili aandike kwenye karatasi.

“Ingegerd,” akasema.

Jörgen akaniangalia. Nikaangalia jeki. Gari lilikuwa tayari juu, kwa hiyo hata chini yake hapakuwa na mahali pa kujificha.

Akaketi kwenye kiti cha wateja, goti limenyooshwa. Nikaanza kufungua nati. Nikamuuliza, kama fundi yeyote anavyouliza, siku hizi anafanya nini.

“Nilikuwa naendesha basi,” akasema. “Kwenye kompyuta. Usinicheke, kijana.”

Nikamwambia sicheki.

“Nyumbani kwangu siku inaweza kuisha sijasema neno. Sasa kule watu arobaini wananiambia habari za asubuhi. Wengine nyakati za jioni, lakini walisema asubuhi, kwa sababu nilianza mimi. Halafu meya akanifukuza.”

“Kwa nini?”

“Sijui. Labda ni mtoto. Labda hana mtu wa kumwambia ale.”

Nina miaka arobaini na saba. Niliangusha nati, ikaviringika mpaka kwenye kiatu cha Jörgen. Hakuiokota. Alikuwa ananisubiri.

Nikasema kwamba meya huyo namfahamu kidogo. Kwamba si mtu mbaya. Kwamba naweza kumfikishia ujumbe.

Jörgen akakohoa kwa muda mrefu.

“Mwambie sina kinyongo naye,” akasema Ingegerd. “Na mwambie mji wake ni mzuri. Nadhani hakuna aliyemwambia. Mawimbi ya pale bandarini, mtu ameyachora kwa subira. Nilikuwa napunguza mwendo kila nikipita.”

Miaka miwili, na huyu ndiye wa kwanza kuyaona mawimbi. Niliinama nikakaza nati ambazo tayari zilikuwa zimekazwa.

Alipoinuka akazunguka gari lake polepole. Akagusa tairi la mbele kwa fimbo. Akasema mshale wa mzunguko wa tairi hili unaelekea nyuma, nimelifunga kinyume.

Ilikuwa kweli. Nikalifunga upya. Jörgen akaenda stoo, nikamsikia akicheka kule ndani.

Jumanne, 11 Novemba

Jana jioni nilimfungulia Ingegerd. Nikarudisha vituo vyote. Cha Mtaa wa Mfereji nimekisogeza hatua kumi kutoka kwenye kivuko, na kona ya bandari nimeiwekea ukuta mdogo. Sikuandika sababu rasmi.

Jibu lake lilikuja kabla sijamaliza chai. “Asante, Torkel. Tairi la nyuma upande wa kushoto nalo liko kinyume. Nitapita Ijumaa.”

Jina langu halimo popote Strömvalla. Mle ndani ninaitwa Mheshimiwa tu. Nilimuuliza Jörgen. Akasema alikuwa kwenye basi kwa vituo tisa, nilitegemea wangezungumza nini kama si habari zangu.

Leo wachezaji sitini na wanne. Nilipanda namba 4 kama abiria, bila mkufu wa umeya. Akaniambia habari za asubuhi. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Nikamjibu kwamba ni njema. Nikazunguka mpaka mwisho wa njia na kurudi, na sikusema neno lingine, na kwa sababu fulani ilikuwa siku nzuri.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeyatafakari yote kwa utulivu na nimeelewa.

Nilidhani watu wanapenda basi. Wengine wangedhani wanampenda Ingegerd. Lakini tazama takwimu. Ni lini Strömvalla ilikuwa na mkusanyiko mkubwa kuliko wote? Jumamosi. Na Jumamosi basi halikuwepo, na Ingegerd hakuwepo. Palikuwa na nini? Foleni. Watu arobaini, kwenye mvua, kwa hiari yao. Hawa watu wanapenda foleni.

Nimeomba ruhusa ya siku moja kazini. Katikati ya mji, mahali pa bustani, nimejenga Ofisi Kuu ya Meya: mashine ya kutoa namba, viti mia mbili, dirisha moja. Mwananchi yeyote akitaka kuingia mjini, kutoka mjini, kuiba benki au kupanda basi, aje kwanza dirishani apigiwe muhuri. Dirishani nitakaa mimi. Nitafungua Jumanne na Alhamisi, kwa muda wa saa moja tu.

Nimempelekea Jörgen picha. Ameniuliza kama nina homa. Wivu wa polisi.

Ofisi imefunguliwa leo kwa majaribio, saa kumi jioni. Saa kumi na dakika nne Ingegerd ameleta maoni yake. Hoja ishirini na sita. Nimemwambia achukue namba.