Majina Yasiyolimwa

Kuanzia sasa, hakuna mahali nchini Burundi patakapobeba jina mtandaoni bila jina hilo kukadiriwa thamani na mtaalamu wa Serikali. Hivyo ndivyo alivyotangaza Mkurugenzi Crispin mjini Gitega, mbele ya maikrofoni ambayo hakuna aliyekumbuka kuiwasha.

Ofisi yake iliitwa Kurugenzi ya Ukadiriaji wa Majina ya Kijiografia. Nchi ilikuwa imetulia, wakimbizi walikuwa wanarudi kutoka Tanzania, na Gitega ilikuwa imepandishwa cheo kuwa makao makuu. Crispin, aliyeinusa habari hiyo mapema, alikuwa amelinunua jina la Gitega mtandaoni, yaani anwani ya tovuti yenye jina hilo, kupitia kwa shemeji yake, kwa bei ya chakula cha mchana. Serikali ikitaka kulinunua, itabidi likadiriwe kwanza. Na nani atalikadiria? Mtu mwenye uzoefu, bila shaka. Ghorofa atakalojenga alikuwa ameshalichagulia rangi.

Ila mtu haanzi na jina kubwa. Katibu wake Kasilda, mwanamke mwenye bidii ya kuchosha, akamtafutia dogo la kujifunzia: Giteranyi, kule kaskazini mwa mkoa wa Muyinga, mpakani na Tanzania. Jina hilo lilikuwa mikononi mwa Anisia, mkulima aliyekulia kambini Tanzania. Mkulima! Crispin alisikitika sana kwa niaba ya Taifa.

Sasa, jina la mtandaoni hukadiriwaje? Vitabu vya ofisi vilinyamaza. Crispin akatumia njia ambayo Mrundi yeyote anaijua: kiwanja hupimwa kwa kukanyagwa, tena mbele ya majirani wanaopakana nacho. Akachukua utepe wa kupimia, akafunga safari na Kasilda.

Majirani walikusanyika kando ya maharage ya Anisia.

"Nani anapakana na jina hili?" aliuliza Crispin.

Walitazamana. "Upande wa juu labda ni mimi," alisema Elikana, jirani aliyependa kuisaidia Serikali.

Crispin alimshukuru, akamgeukia mwenye jina. "Mama Anisia, unalima nini humo?"

"Mheshimiwa, humo silimi maharage. Wenzetu waliobaki kambini wanaandika hapo kuuliza kama nyumba yao bado imesimama, na shamba lao limekaliwa na nani. Mimi nawaulizia, nawajibu. Mtu hawezi kurudi kwao kama kipofu. Mkilichukua, watamuuliza nani?"

Crispin akatoa simu yake kubwa afungue ukurasa wa jina hilo. Haukufunguka. Alinyanyua simu juu, akaizungusha, akaipuliza vumbi. Wapi!

"Pori," akatangaza. "Pori tupu."

Hapo hapo akaandika amri juu ya tandiko la baiskeli ya Elikana: jina lolote la mahali lisilolimwa litachukuliwa kwa mwenyewe bila fidia, na kurudishwa kwa wananchi wa mahali hapo. Wananchi aliwaongeza kwa sababu amri isiyowataja haipendezi redioni. Akatia sahihi, akagonga muhuri.

"Mheshimiwa," alisema Anisia, "huku tunashika mtandao wa Tanzania."

Akampa Kasilda simu yake ndogo iliyopasuka kioo. Ukurasa ulikuwa umejaa watu. Mmoja aliuliza kama parachichi la mama yake bado linazaa. Mwingine alikuwa amepelekewa picha ya kuta zisizo na paa, naye amejibu: asante, ni kwetu, tunakuja. Kasilda alisoma mpaka machozi yakamlengalenga.

"Chef, mkubwa wangu, hapa panalimwa. Panalimwa kuliko ofisi yetu."

Crispin, kwa ukarimu wake, akalisamehe jina la Giteranyi.

"Na amri?" aliuliza Kasilda.

"Amri ibaki. Tukiifuta, itaonekana kama Serikali imekosea."

Kasilda alichukua neno hilo kwa uzito wote. Walipofika Gitega aliipeleka amri redioni, kisha akawaita watu wa mtaa wa Nyamugari waje kushuhudia jina la mji wao likikaguliwa. Crispin alipofika ofisini asubuhi alikuta mabenchi yamejaa. Na mtandao wa Gitega, siku hiyo hasa, ulikuwa na nguvu ajabu. Ukurasa ulifunguka mara moja: JINA HILI LINAUZWA. Basi.

"Labda mwenyewe amelipumzisha," alisema Crispin. "Ardhi hupumzishwa."

"Oya, hapana, chef!" alisema Saidi, fundi cherehani. "Shamba ya kupumuzisha tunaijua. Huyu iko anangoja tu Serikali imupe faranga. Hata jembe hakushika! Mi naona iko mwizi, c'est tout, basi."

"Mwenye jina asimame," Kasilda akaita.

Kusimama ni kupoteza kazi. Kukaa ni kupoteza ghorofa. Crispin alikaa, na moyo ulimuuma kwelikweli.

"Hayupo," alisema Kasilda. "Basi sahihi ya Mkurugenzi inatosha."

Crispin akatia sahihi. Jina la Gitega likawa mali ya Nyamugari na mitaa mingine yote, wakaanza palepale kubishana nani ataandika kwanza.

Saidi akainuka. "Yemwe, jamani, tumupigie makofi! Chef asiyeogopa wezi wakubwa, mi sijaona bado!"

Watu wote wakapiga makofi. Crispin naye akapiga, tena kwa nguvu, maana Kasilda alikuwa anawaangalia wasiopiga.