Kigemu Kimemwoza Dada Kinyumenyume

Kwa Wakubwa wa Kiwanda cha Vigemu,

Basi video ya harusi ya dada ilipokwisha, hapo ndipo bibi alipokilaza kigemu chenu juu ya mto, akavua miwani, akaniambia, "Huyo bwana asikanyage hapa. Kamchukua mjukuu wangu kabla hajaulizwa!" Bwana mwenyewe ni shemeji yangu, na anakuja leo saa kumi kumsalimia bibi kwa mara ya kwanza. Sasa hivi ni saa tisa na nusu.

Mimi napiga msasa kwenye karakana ya mbao. Shule niliiacha mapema, na mbele ya watu sina mdomo, ndiyo maana naandika. Bibi miguu haimbebi, harusini hakwenda. Nikamwahidi, "Bibi, harusi nitakuletea hapohapo kitandani." Nyumbani hakuna kioo kingine kinachowaka ila kigemu changu cha mkononi, hiki cha kuchezea michezo. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Kigemu kilikataa video nzima. Nikaipunguza ukubwa, kikakataa. Nikapunguza na picha, zikabaki kumi kwa sekunde, ndipo kikakubali. Lakini dada, ambaye hutembea kwa maringo yake, akawa anaruka kama panzi. Bibi akauliza, "Wamemtia nini kwenye viatu?"

2. Sauti inatangulia, picha inafuata nyuma kama mtu aliyerudia funguo. Mjomba, mtu mzima na ndevu zake, akafungua mdomo vikatoka vigelegele. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Hilo nawasamehe.

3. Kinachoka haraka, chaji haikai, kwa hiyo niliikata video vipande kumi na viwili, nikavipa namba. Kigemu kikaonyesha cha kwanza, kikarukia cha kumi, cha kumi na moja, cha kumi na mbili, ndipo kikakumbuka cha pili. Hata mimi niliyeshindwa na hesabu najua mbili inakuja baada ya moja! Bibi akamwona dada anaingia ukumbini, papo hapo anapakiwa kwenye gari huku analia, halafu ndiyo anavishwa pete.

4. Kipande cha sita, pale dada anapoulizwa kama ameridhika, hakikutokea kabisa. Kigemu kimekimeza. Bibi alingoja weee. "Ndiyo yake iko wapi?" Mimi nikakipangusa kigemu vumbi, kazi ninayoiweza.

Kwa hiyo naomba mtume mtu mzima, mwenye suti na sauti nzito, aje amweleze bibi kwamba kosa ni la kiwanda. Asipofika, ndoa ikivunjika, mvunjaji ni ninyi. Ikiwezekana aje na chaja.

Nisalimieni wote hapo, kuanzia mkubwa mpaka anayefagia vipande vya waya.

Ni mimi,
Mpiga msasa, mjukuu wa mwisho.

Nyongeza: Kipande cha sita nilikificha mimi, kimo humohumo ndani, kwenye faili la michezo. Dada anasema, "Ndiyo, nimeridhika," vizuri kabisa. Ila nyuma yake nimesimama mimi, nalia, kamasi mpaka kwenye tai ya kuazima. Na watu wote niliwaambia wakati ule nilikuwa nje nalinda magari. Naishia hapa: shemeji amewahi, anapiga hodi, na bibi anaulizia mkongojo. Lazima niende nikawaonyeshe wote wawili ninavyolia.