Orodha Mbili za Kidato cha Pili

Jumatatu, 15 Septemba

Leo nimepewa kazi ya kihistoria. Mkuu wa shule, Mwalimu Elibariki, ametangaza mbele ya walimu wote kwamba matokeo ya mtihani wa katikati ya muhula hayatabandikwa ukutani tena. Yatawekwa kwenye tovuti, mzazi ayaone kwenye simu yake huko huko aliko. Halafu akasema kazi hiyo ataifanya Mwalimu Valerian wa kompyuta. Mie! Nilisimama kidogo ili walio nyuma wanione.

Akaongeza kwamba mambo yakienda vizuri, shule itaanzisha kitengo cha TEHAMA, na atakayekiongoza atapewa kile chumba kilicho jirani na stoo ya vitabu. Chumba kina feni ya darini na mlango unaofungika. Saa ya mapumziko nikaenda kukipima kwa hatua. Meza yangu inaingia. Na kiti cha mgeni.

Kero ni moja tu. Madam Sesilia wa hesabu aliuliza nani atahakiki. Yeye anaandika alama za shule nzima kwenye kauntabuku nyeusi, mwaka wa tisa sasa, kwa kalamu ya bluu na nyekundu. Nikamjibu kwamba kompyuta inajihakiki yenyewe. Aliandika tu kwenye kauntabuku yake.

Sipendi mtu anayeandika wakati naongea.

Jumanne, 16 Septemba

Ukurasa umekamilika. Unapendeza! Juu kuna menyu mbili: kwenye ya kwanza mzazi anachagua kidato, kwenye ya pili anachagua somo. Chini linatokea jedwali la majina na alama.

Tatizo dogo. Nikichagua Kidato cha Nne, menyu ya masomo inabaki na masomo ya Kidato cha Kwanza. Orodha imebadilika ndani ya programu, nimeiona kwa macho yangu, lakini skrini haina habari kabisa. Nimehangaika nayo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Nimezima, nimewasha. Nimefuta mistari kumi na kuiandika tena vile vile. Nimebadilisha hata rangi ya vitufe, nikijua wazi haihusiani.

Nikauliza kwenye jukwaa la waandishi wa programu. Mtu mmoja, sijui yuko nchi gani, akanijibu kwamba nikibadilisha orodha lazima niutaarifu ukurasa kuwa imebadilika, maana ukurasa haubahatishi. Akanionyesha na mahali pa kurekebisha. Mstari mmoja. Sikupenda alivyonijibu, kama vile anaongea na mwanafunzi.

Kwa bahati nikagundua jambo: ukichagua kidato mara mbili, inakubali. Basi nikaandika juu ya menyu, kwa herufi nyekundu: MZAZI MPENDWA, KWA USALAMA WA TAARIFA ZA MWANAO, CHAGUA MARA MBILI.

Usalama! Neno moja tu, na kasoro imegeuka huduma. Mkuu aliusoma ujumbe akasema kumbe nimefikiria mpaka usalama. Nikamwambia ndilo jambo nililoanza nalo.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya kuingiza alama. Madam Sesilia anasoma, mie naandika. Ana sauti ya kusomea maiki. Tumefanya vidato vyote vinne, na Kidato cha Pili peke yake kina wanafunzi hamsini na wanane.

Kwa usafi wa kazi nimetengeneza orodha mbili. Ya kwanza ina majina tu, ya pili ina alama tu. Madam akaniuliza mbona majina nimeyaweka huku na alama kule. Nikamweleza taratibu, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia, kwamba jina la kwanza linakwenda na alama za kwanza, la thelathini na sita na alama za thelathini na sita. Akauliza, je, ukija kuyapanga upya majina? Nikamwambia yamefuata namba za usajili, na hakuna atakayeyapanga upya.

Saa tisa alasiri Mkuu akaja. Anataka wazazi waweze kuyapanga majina kwa alfabeti, kwa sababu namba za usajili hakuna mzazi anayezijua.

Nikaongeza kitufe. Dakika sita! Nikakibonyeza: Abdulkarim juu kabisa, Zuhura chini kabisa. Safi. Alama sikuziangalia, kwani alama hazina alfabeti.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo ndiyo siku. Ujumbe wenye anwani ya tovuti umekwenda kwa wazazi wote saa mbili asubuhi. Saa tatu simu ya Mkuu ikaanza kuita. Pongezi tupu. Mzazi mmoja kasema yuko Mbeya na ameyaona matokeo akiwa gereji.

Saa tano akaja Mzee Nassibu, fundi wa mageti, karakana yake iko hapo hapo Gongo la Mboto. Ni baba yake Nusaiba wa Kidato cha Pili, binti mpole, anayekaa dirishani. Nilimwamkia shikamoo, hakuitika, alinikumbatia tu. Alikuwa na karatasi mkononi. Alishapita steshenari, akaprinti matokeo na kuyapiga plastiki. Nusaiba wa kwanza darasani! Hesabu tisini na mbili!

“Mie niliishia darasa la tano, ticha,” akaniambia. “Kwetu hajawahi kutokea mtu wa kwanza kwenye kitu chochote.”

Jumamosi anapika pilau. Kaalika mtaa mzima, na mgeni rasmi ni mie. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Mchana nikampitisha Mkuu kwenye kile chumba, nikajifanya tunakwenda stoo. Nikawasha feni. Inazunguka.

Ijumaa, 19 Septemba

Balaa.

Saa moja na nusu asubuhi Mzee Petro alikuwa getini. Ni mwanajeshi mstaafu, baba yake Jenipher, na alikuja na Jenipher mwenyewe, macho yamemvimba. Kwenye tovuti Jenipher amekuwa wa arobaini na sita. Jana baba yake amemtoa kwenye kwaya ya parokia mpaka mwaka uishe. Wiki mbili kabla ya mashindano! Na yeye ndiye anayeongoza sauti ya kwanza.

Mzee Petro hakuja kulalamika juu ya tovuti. Alikuja kuomba binti yake aongezewe vipindi vya hesabu.

Madam Sesilia akafungua kauntabuku. Akapitisha kidole. Jenipher: hesabu tisini na mbili. Wa kwanza. Mzee Petro akaitazama ile kauntabuku, akamtazama binti yake, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Nikakimbilia maabara ya kompyuta. Nikafungua ukurasa, nikabonyeza kitufe cha alfabeti, na safari hii nikaziangalia alama. Hazijasogea. Majina yanahama, alama zimekaa pale pale! Jina la Nusaiba linaangukia mstari wa thelathini na sita, ambao ni wa Jenipher. Kila aliyebonyeza kitufe kile ameona alama za mtoto wa mwenzake. Na wote wamekibonyeza. Niliandika kwenye ujumbe kwamba wakibonyeze.

Nilichofanya: nimekiondoa kitufe. Nimeweka tangazo kwamba tovuti inafanyiwa usafi wa kawaida. Halafu nikamfuata Madam chini ya ngazi, nikamwomba asimwambie Mkuu mpaka Jumatatu, nitakuwa nimepata maelezo mazuri. Akasema maelezo si shida yake. Nusaiba je? Baba yake anapika kesho.

Nikamwambia pilau haliharibiwi na alama.

Akasema ananipa mpaka kesho niende kwa yule mzee kabla chakula hakijaliwa, la sivyo ataenda yeye na kauntabuku yake. Mwanamke huyu hana utani.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimekwenda mapema, saa nne, nimalize jambo na kuondoka. Hotuba fupi nilishaiandaa. Inaanza na maendeleo ya teknolojia duniani.

Nimekuta turubai limefungwa, viti vimepangwa, masufuria mawili yako jikoni. Mama Nusaiba, Bi Mwanakombo, kanivisha shada la maua ya plastiki shingoni. Mzee Nassibu kanikalisha kiti cha katikati, chenye mto. Juu yangu, kwenye ukuta wa karakana, imetundikwa ile karatasi ya plastiki. Mtu anasemaje ukweli akiwa chini ya karatasi kama ile? Nikaona niseme baada ya soda. Baada ya soda nikaona niseme baada ya kachumbari.

Nusaiba alikuja kuninawisha mikono. Akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekuja kusema.

“Kusema nini?” nikamuuliza.

“Ticha, mie swali la nne sikuligusa kabisa. Tisini na mbili nitatoa wapi?”

Nikamuuliza mbona amekaa kimya tangu Alhamisi. Akaendelea kunimwagia maji, yakapita kiasi, yakaniingia kwenye kiatu.

“Baba alikuwa anacheka,” akasema. “Jana Madam alinionyesha kauntabuku, nikajua ticha ndiye ataleta habari. Ni kazi yako.”

Nikamwambia tutaongea baada ya kula. Akaweka birika chini. Akaenda mpaka katikati ya turubai, mbele ya majirani wote, mbele ya shangazi zake waliotoka Mbagala, akasimama.

“Baba, zile alama si zangu. Ni za Jenipher. Mie hesabu nimepata ishirini na tisa.”

Hakuna aliyetafuna. Nilikuwa nimeshika nyama, sikujua niirudishe au niimalize. Mzee Nassibu aliinuka polepole, akaja mpaka nilipokaa, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, akaitungua karatasi. Aliisoma yote tena, kama vile alama huenda zikabadilika. Kisha akamuuliza binti yake Kiswahili amepata ngapi. Za kwake mwenyewe.

“Themanini na moja.”

“Themanini na moja,” mzee akarudia, akiwageukia wageni. “Haya, jamani. Hili pilau ni la Kiswahili. Kuleni.”

Watu wakaanza kucheka, wakapiga makofi, shangazi mmoja akapiga vigelegele. Bi Mwanakombo alimvuta binti yake akamkumbatia. Mie nikafikiri nimeponea hapo. Mzee akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa mie nilikuwa nimekuja kuwaambia nini.

Nikasema mtandao ulisumbua.

Aliniongezea nyama. Heri angenitukana.

Jumatatu, 22 Septemba

Mkuu anajua kila kitu. Mzee Petro alimpigia jana baada ya misa. Leo asubuhi mzee huyo alikuja mstarini, akaomba ruhusa ya kuongea, akamwomba radhi binti yake mbele ya shule nzima, amesimama wima kama yuko gwaride. Jenipher amerudi kwaya. Alilia, Nusaiba naye akalia, wakashikana mikono mpaka kengele ikalia. Nilitazama kutoka dirisha la maabara.

Saa nne nikaitwa ofisini. Nikaeleza kwamba tatizo ni la kitaalamu mno na linahitaji kompyuta mpya. Madam Sesilia akaomba mkasi. Akatoa nakala ya ukurasa wa kauntabuku, akaikata vipande vyembamba, kila kipande na jina pamoja na alama zake. Akavichanganya mezani, akavipanga kwa alfabeti mbele ya Mkuu. Alama zilikwenda na wenyewe.

“Usimtenganishe mtoto na alama zake,” akasema. “Mshike kama kitu kimoja, umpange unavyotaka.”

Mkuu akauliza hiyo kwenye kompyuta inachukua muda gani. Nikasema wiki tatu. Madam akakaa kando yangu kwenye kompyuta, na kitabu alichoazima maktaba, akanipa maelekezo, nikaandika. Dakika arobaini, pamoja na chai! Na ile menyu ya kidato akaikuta ina shida ya kutotaarifiwa. Akairekebisha kwa mstari mmoja, halafu akafuta maandishi yangu mekundu ya usalama. Nilimwambia wazazi walishayazoea.

Kitengo cha TEHAMA kimeanzishwa rasmi saa nane mchana. Mkuu wa kitengo ni Madam Sesilia. Mafundi wameshaingiza meza yake kwenye kile chumba. Nimesaidia kubeba upande mmoja.

Jumatano, 24 Septemba

Mkuu ni mtu wa haki. Amenipa nafasi nyingine. Kidato cha Tatu wanakwenda ziara ya kimasomo Bagamoyo Ijumaa, na kila mzazi atumiwe ujumbe wenye jina la mwanae, basi atakalopanda na saa ya kumpokea. Akaniuliza kama niko tayari. Nikamwambia nimejifunza mengi.

Madam amepita maabara akaniuliza kama nataka aangalie kabla sijatuma. Nikamshukuru, nikamwambia apumzike, ana kitengo cha kuongoza.

Kazi imechukua saa moja tu. Majina nimeyaweka kwenye orodha moja, namba za simu za wazazi kwenye ya pili, kwa usafi. Nikakumbuka Mkuu anapenda alfabeti, nikayapanga majina. Yamepangika vizuri mno. Yale ya juzi yalikuwa alama. Hizi ni namba za simu, suala jingine kabisa.

Nimejaribu kwa kujitumia mwenyewe. Ujumbe umefika, hauna kosa hata la nukta. Saa tisa na robo nikatuma kwa wazazi wote mia moja na kumi na wawili.

Saa tisa na dakika ishirini simu ya Mkuu imeanza kuita. Pongezi, bila shaka. Nakwenda kukaa karibu na mlango wake ili asipate shida ya kunitafuta.