Kurasa za Wino wa Kijani

Kosa langu nililifanya mwezi wa pili, nilipochora jedwali la wachezaji tisa. Timu yetu ina wachezaji kumi. Aibu ya kosa hilo imenifikia leo, saa tisa mchana, mbele ya watu wote.

Wa kumi ni mimi. Nilijiacha nje kwa sababu niliona si adabu mtu kujipima mwenyewe. (Nilijipongeza hata kwa unyenyekevu huo. Kumbukeni hilo, litarudi.)

Kwa wale wa kundi hili la simuni wasionifahamu: naitwa Kakule. Niko Butembo tangu tulipokimbia vita mjini Beni miaka mitatu iliyopita, na ninacheza basket katika timu ya mtaa. Ninacheza vibaya, lakini ninaandika vizuri. Hesabu za basket nimejifundisha kwenye simu, nikinunua mega za intaneti kidogo kidogo, na iliyonikamata moyo ni hesabu ya wawili wawili. Unachukua wachezaji wawili, unatazama dakika walizokuwa uwanjani pamoja, unahesabu pointi tulizofunga na pointi tulizofungwa. Tukizidi, wawili hao wanapatana. Tukizidiwa, kuna ugonjwa mahali.

Ninatumia namba za jezi, si majina. Kwetu jina hufuata mtoto amezaliwa wa ngapi, kwa hiyo tuna akina Kambale watatu na akina Kasereka wawili. Ninaandika kwa kalamu, biki nyeusi, na rula. Nikiharibu mstari mmoja, narudia ukurasa mzima. Mama anasema makaye yangu, yaani haya madaftari, yanakula pesa ya sabuni ya nyumba.

Ninapoingia uwanjani, Kavira, dada anayetushikia saa ya mchezo, hupokea daftari na kuandika badala yangu. Yeye ana biki ya kijani. Rangi mbili katika jedwali moja. Iliniuma miezi yote hii, lakini mtu anayekusaidia humpangii wino.

Sasa, Yaya Katembo. Tunamwita Yaya kwa sababu ni kaka yetu mkubwa. Ana miaka arobaini na kitu. Zamani akiruka, mama wa sokoni waliacha nyanya zao waje kutazama. Siku hizi akiruka, inabidi uwe umeambiwa.

Wiki nyingi timu ilibishana kama Yaya amekwisha. Kambale mrefu alisema amekwisha. Kasereka alisema tuangalie anavyotoa balo, anavyopasi mpira, mikono haijazeeka. Mimi nilisema: ngojeni namba.

Namba zikatoka mbaya kabisa. Yaya na namba tano, tunazidiwa. Yaya na namba saba, tunazidiwa. Yaya na yeyote yule, tunazidiwa. Nilizirudia mara nne. Sikulala vizuri, maana mimi ninampenda Yaya. Lakini hesabu ni hesabu, nilijiambia, kama mtu mzima.

Ubishi huu haukuwa wa kupitisha wakati. Juma lijalo tunakwenda kucheza Beni. Barabara imekuwa mbaya muda mrefu kwa mashambulizi, na sasa gari zinakwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Dereva amekataa kubana watu, kwa sababu gari likisimama njiani kila mtu lazima atoke haraka. Nafasi zilikuwa kumi na moja: Kocha, Kavira, na wachezaji tisa. Mmoja abaki.

Basi leo tumekutana kwenye karakana ya Kocha. Ni seremala. Tulikaa juu ya mbao, vumbi la randa likituingia puani. Yaya alikaa pembeni akikanda goti.

"Gari iko na fasi tisa ya bachezaji," akasema Kocha. "Nani anabakia? Museme, lakini bila kugombana."

Nikasimama. Nilikuwa nimepiga pasi shati. (Kwa mkutano wa karakana.)

"Kocha, ninaomba tuangalie namba."

Nikaeleza dakika kumi nzima. Nilionyesha safu, nikaonyesha jumla, nikatumia neno "mwenendo" mara tatu. Mwishoni nikasema, kwa sauti ya huzuni niliyoifanyia mazoezi, kwamba kwa heshima yote, Yaya Katembo abaki.

Yaya aliacha kukanda goti.

"Kama kaye inasema vile," akasema polepole, "basi iko vile."

Nikaona nimeshinda, na ushindi ulikuwa na ladha ya chaki. Hapo Kavira akanyoosha mkono.

"Leta ile kaye."

Akafungua, akalamba kidole, akageuza kurasa moja moja. "Hii paje, Yaya iko ndani, tunapigwa. Hii, tunapigwa. Hii, tunapigwa sana. Sasa hii, Yaya iko ndani, tunapiga batu. Na hii pia, tunapiga." Akaniangalia. "Kakule, haukuona kitu?"

"Kuona nini?"

"Fasi tunapigwa, biki ni ya kijani. Fasi tunapiga batu, biki ni nyeusi."

Nikamjibu kwa upole wa mwalimu: "Kavira, dada yangu, rangi ya wino haina maana katika hesabu."

(Naomba muipitie sentensi hiyo haraka.)

"Biki ya kijani ni ya nani?"

"Ni yako."

"Na mie ninaandikaka wakati gani?"

Kocha alikuwa ameanza kupiga randa ubao. Randa ikasimama katikati.

"Wakati gani, Kakule?"

"Wakati mimi niko ndani," nikasema.

Kambale mrefu ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alijishika tumbo kabla hata hajacheka.

"Kumbe mugonjwa haiko Yaya," akasema. "Mugonjwa ni munganga mwenyewe."

Walicheka mpaka mama mwenye duka la jirani akaja kuuliza nani amepata mtoto. Kasereka alianguka kwenye rundo la vumbi la mbao na hakutaka kutoka. Mimi nilikuwa bado nimesimama na shati langu lililopigwa pasi.

Kocha hakucheka. Alinipa penseli ya seremala na kipande cha ubao. "Piga hesabu tena. Mara hii bila weye."

Nikapiga. Dakika za Yaya uwanjani bila mimi ni chache, lakini zipo, zote kwa wino mweusi. Katika dakika hizo hakuna anayemfikia katika timu nzima. Yaya na namba tano, tunazidi. Yaya na namba saba, tunazidi sana. Nikaandika yote kwenye ubao, na chini ya jumla nikapiga mstari kwa rula. (Mkono umezoea, ufanye nini.)

"Lakini Kocha," nikauliza, "kwa nini kila mara mimi na Yaya tunaingia pamoja?"

"Ni yeye njo aliomba. Haukujua?"

Sikujua. Kocha akaeleza kwamba mwezi ule nilipofika kutoka Beni, nilikuwa nasimama uwanjani mikono juu na hakuna aliyenipa balo. Nilidhani ni mpangilio wa mchezo. Yaya akamfuata akamwambia: huyu mugeni muniwekee mie. Tangu siku hiyo, kila nikiingia, Yaya anaingia. Balo zote nilizoshika Butembo, karibu zote zimetoka mikononi mwake. Zilizopotea, nilizipoteza mimi. Makosa yakaandikwa kwenye safu yake, kwa sababu mimi sikuwa na safu.

"Mie pia sikujua kucheza," Yaya akasema, akitazama sakafu. "Ile wakati nilianza Beni, mukubwa moja alinibeba hivi hivi. Miaka mbili. Alikuwa anasema magoti yake inaumia, kumbe ni mie nilikuwa naumiza."

Kavira ndiye aliyeniambia sikioni lililobaki: mama yake Yaya yuko Beni, na tangu barabara iharibike hajamwona. Mchezo kwake ulikuwa nafasi ya kufika mlangoni kwa mama. Mimi nilikuwa nimemwondoa kwenye gari kwa biki na rula.

Basi nikasema, "Nitabaki mimi."

Hakuna aliyepinga. (Nilitegemea angalau mmoja.)

Kisha Yaya akanyanyuka, goti likalia kama mlango. "Hapana. Mutoto ni wa Beni, arudi aone kwao. Na mie nitachoka na nani, kama yeye haiko?"

"Fasi ni tisa, Yaya," akasema Kocha.

"Ninajua kuhesabu. Si kama huyu."

Wakacheka tena. Kocha akapuliza vumbi kwenye ubao wake, akautazama kwa jicho moja kuona kama umenyooka. "Niko na milango ine ya kumaliza," akasema. "Mie njo nitabaki. Yaya ataongoza timu, na Kakule atakaa fasi yangu, pembeni ya Yaya. Kaye ikae kwa Kavira."

Nilitaka kushukuru vizuri, kwa sentensi iliyopangwa. Nilichotoa ni "merci" moja tu. Yaya akanigonga kisogo na kiganja kile kikubwa.

"Unajua kuandika, we mutoto. Siku moja tu, uandike pia bintu bizuri."

Ndiyo maana ninawaandikia. Kambale mrefu amekwisha kusambaza picha ya ubao, kwa hiyo afadhali mpate habari nzima kwangu. Mkitaka kucheka, chekeni kwa zamu, Kasereka bado anatoa vumbi masikioni.

Jioni hii nimechora jedwali upya. Lina safu kumi. Ya kwanza ni yangu, na nimeiandika kwa biki ya kijani.